Shoga, nimeng'oa mgagani wa mama mkwe

Muheza, Jumanne usiku

Shoga yangu Mama Tatu,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, masika yanatunyea bila kupumzika na nguo hazikauki. Najua utasema "leo ndiyo umenikumbuka", na haki unayo. Tangu arobaini ya Bi Mwanaidi sijakuandikia hata mstari. Utanisema tukikutana. Dhumuni la barua hii, kama tulivyofundishwa darasani, ni kwamba nimeharibu, na wa kunisitiri ni wewe.

Mama mkwe yuko Dar kwa matibabu ya macho, wiki ya tatu sasa, bustani kaniachia mimi. Mvua zilipoanza, majani yakafumuka kila upande, nikaona haya. Mtoto wa Temeke niliyekulia mboga za fungu, watu watasema mwanamke huyu mvivu. Basi nikashika jembe. Tuta la nyuma ya jiko nililipalilia asubuhi nzima, likabaki udongo mwekundu mtupu, ungeweza kutandika mkeka ukalala. Nikajisifu na chai nikanywa. Rehema anarudi shule, anasimama pale, kashika kiuno kama bibi yake: "Mama, mgagani wa bibi uko wapi?"

Shoga, mgagani mimi naujua ukiwa umefungwa fungu sokoni! Nitaujuaje ukiwa mche wa kidole kimoja? Kumbe bibi hapandi. Kila msimu anaacha mashina machache yakauke na mbegu zake, zinapukutika, masika yakija zinaota zenyewe popote zilipoangukia. Mimi nilikuwa nikijua kilicho kwenye mstari ni mboga, kilichojiotea ni gugu. Kwa mama mkwe hesabu hiyo haipo. Na mnavu nao ulikuwemo humo humo. Vyote nilishawatupia mbuzi.

Kila usiku anapiga simu. Swali la kwanza si watoto, ni "Bustani yangu haijambo?" Namjibu haijambo mama.

Tangu siku ile mwalimu wangu ni Rehema. Usicheke. Kanikalisha chini kwenye tuta la pili, kachuma jani moja la mlenda, kaniambia, "Angalia ndevu zake." Nikaangalia, na kweli: pale jani linapoungana na kikonyo kuna vinyuzi viwili vyembamba vimening'inia, kimoja kila upande, kama ndevu za kambale. Miaka tisa napika mlenda sijawahi kuziona! Mchicha wa kula na ule wa miiba kanionyesha pia, ule mwingine unapitisha kidole penye kikonyo unachomwa na miiba miwili. Ndago sihitaji kufundishwa. Shina lake nimelizungusha kwenye vidole, lina pembe tatu, wakati nyasi za kawaida ni mviringo. Nimeling'oa, na kesho yake limerudi, maana vile vidonge vyake vinabaki chini ya ardhi na jembe langu linavigawa tu. Hiyo ni vita ya mama mkwe mwenyewe akirudi. Na mashona nguo, ambayo huko kwenu Lushoto mnayapika na mimi nilikuwa nawacheka, siwacheki tena.

Mgagani kidogo ulinusurika kule uani, mashina manne. Juzi mpangaji mpya wa jirani kauona, akaja mbio kuniambia ni bangi, afadhali tumwite mjumbe kabla hatujaitiwa. Rehema akamjibu hapana, jani la bangi kingo zake zina meno makubwa kama msumeno, hili halina meno ya namna hiyo. Mpangaji akaridhika akaondoka. Mimi nikabaki namwangalia mwanangu wa miaka kumi: hilo la msumeno kalijulia wapi? Hayo tutayaongea siku nyingine.

Sasa, kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Pale maji ya bafuni yanapotokea kuna miche mitano, imejiotea au imepandwa, mimi sijui. Majani mapana, kingo zimekatika katika ovyo, shina linaelekea uzambarau. Nikiwa mbali naona ngogwe. Nikikaribia sioni ngogwe. Maana ngogwe ukilipapasa jani lake kwa chini lina vinyweleo, na hili ni laini kabisa. Ua halijatoka. Rehema mwenyewe hajui, anasema bibi hajamfundisha "upande wa bafuni". Na jana, shoga, dada wa kazi alikuwa keshachuma konzi nzima kuchanganya na mchicha, kwa sababu ni mabichi na yamenawiri! Niliikuta sufuria bado haijainjikwa. Nimemwaga yote, na mchicha ndani yake.

Mimi nahofia mnanaha. Wewe ndiye uliyenieleza, ile safari ya Korogwe, kwamba mnanaha unamkausha mtu mdomo, mboni zinatanuka, anaanza kuongea na watu wasiokuwepo, na kwamba humo ndani kuna atropini, ile ile ambayo hospitali wanaitia kwenye macho kwa matone kutanua mboni. Nikamfikiria mama mkwe huko Dar anatiwa matone, na huku mimi napika mti wenyewe. Ulisema ukilisugua jani linatoa harufu nzito ya kukera. Nimelisugua. Lakini pale ni mferejini, bi mkubwa, kila kitu kinanuka, na mimi nina mafua.

Ukiniambia ning'oe tu, ndipo linapokuja la pili. Siku anaondoka, gari linawaka, mama mkwe alipiga kelele dirishani: "Kuna vitu vyangu pale bafuni, usiviguse!" Vitu gani? Ni hii miche, au ni zile ndoo zake mbili? Kumuuliza siwezi, nikigusa habari ya bafuni atauliza na ya tuta la nyuma ya jiko, na uongo wa simu mimi siuwezi zaidi ya neno moja. Kwa hiyo nimezungushia kamba, nimewakataza watoto, na kila nikienda kuoga naichungulia. Inazidi kunawiri.

Picha niliyokutumia ulisema huoni kitu, ndiyo maana nakuletea majani yenyewe, mawili, moja nimelibana ndani ya daftari likauke, jingine bichi. Konda wa basi la asubuhi ni yule tunayemjua, kaniahidi utayapata kabla ya adhuhuri.

Niambie: ni mnanaha au ni ngogwe? Kama ni mnanaha, tunda lake si ndilo lile la miiba, na nisubiri hadi nilione au ning'oe leo leo? Niung'oe kwa mkono mtupu? Mbuzi wanaukwepa kweli au ni maneno tu? Na mgagani, una mbegu? Hata konzi moja. Nikizimwaga kesho, siku ngapi zinaota? Anarudi Jumamosi ya wiki ijayo, macho yake yameshatengenezwa, ataona kila kitu. Au nimwambie kabla hajafika? Wewe mkweo ungemwambia? Na Tatu kikohozi kimeisha?

Nijibu kwa konda huyo huyo, anashuka jioni.

Shoga yako,
Mama Rehema

Jani bichi ndilo lililofungwa kwenye gazeti. Usiliweke jikoni.