Homa ikiwa haijajulikana, tuambiwe haijajulikana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane, aliposhikwa na homa iliyodumu siku 23 bila ya yeyote kuweza kutuambia sababu yake. Sasa ni mzima, alhamdulillahi, anashinda katika vichochoro vya Langoni, hapa Lamu, akifukuza paka, na siandiki barua hii kumshtaki mtu. Naandika kwa sababu kila mlango tuliobisha katika siku zile tulitoka na jina jipya la ugonjwa na dawa ya kuliandama jina hilo, na hakuna hata jina moja kati ya hayo lililokuwa limethibitishwa.

Siku ya pili ya homa tulimpeleka kituo cha afya. Alidungwa kidole, kipimo kikaonyesha hana malaria, na mhudumu akatuandikia dawa ya malaria vivyo hivyo, ile ya dozi sita kwa siku tatu, akisema kwamba huku pwani homa ya mtoto haikosi kuwa malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limekuwa likielekeza kwamba mgonjwa apimwe kwanza ndipo apewe dawa hiyo. Sasa kipimo kina faida gani ikiwa jibu lake halisikilizwi? Siku ya saba tulikwenda kwenye duka la dawa, ambako mwenye duka alichukua tone la damu, akasema ni homa ya matumbo, na akaanza kumchoma sindano asubuhi na jioni kwa siku tano. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa na daktari kwamba kipimo kile, kinachoitwa Widal, huweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo, kwa kuwa hutafuta kinga iliyomo mwilini wala hakitafuti kijidudu chenyewe, na kwamba anayetaka kuwa na hakika huotesha damu maabara na kungoja siku kadhaa aone kitakachoota. Siku ya kumi na tatu mhudumu mwingine alitupa antibayotiki ya maji, bila ya kuuliza zile sindano za kwanza zilikuwa za nini. Homa ilikuwa pale pale, ikipanda baada ya Magharibi na kushuka karibu na alfajiri, na mapaja ya mtoto yalikuwa yamevimba kwa kuchomwa.

Nyumbani nako majina hayakukosekana. Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, ambaye ndiye aliyenipokea mtoto kila usiku wa manane ili nipate kulala saa mbili, aliogopa jicho, na zaidi ya jicho aliogopa degedege, ambayo wazee wetu wengi huiita nyuni. Kombe, yaani aya za Qur’ani za kuoshwa kwa maji ya kunywa, liliandikwa kwa zafarani, mtoto akanyweshwa kijiko kimoja kimoja, nami niliitikia amina kwa moyo wangu wote, kwani sioni dua ikigombana na dawa. Hata hivyo nilimwomba mavyaa jambo moja, naye akalikubali: mtoto akipatwa na degedege asingojewe mwalimu wa kombe wala kafara, bali alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, na apelekwe hospitali saa ile ile. Degedege inayoletwa na homa huwapata watoto kati ya miezi sita na miaka mitano, na mara nyingi hupita bila kuacha madhara, lakini anayeweza kusema kwamba nyuma yake hakuna malaria kali au homa ya uti wa mgongo ni yule mwenye vipimo.

Lipo jambo moja dogo ambalo lingeweza kumdhuru binti yetu kuliko homa yenyewe, na nalieleza kwa urefu kwa sababu naamini si nyumba yetu peke yake. Usiku wa siku ya tisa, umeme ukiwa umekatika, nilizishusha chupa zilizokuwa kwenye kidaka nikazisoma moja moja kwa mwanga wa simu. Mbili zilikuwa za kushusha homa: moja ya rangi ya waridi tuliyopewa kituoni, na moja ya rangi ya machungwa tuliyouziwa dukani, zenye majina tofauti na picha tofauti. Chini ya kila jina, kwa herufi ndogo ambazo sikuwahi kuzitazama, kulikuwa na neno lile lile: parasetamoli. Kwa siku mbili nilikuwa nikimpa zote mbili, kila moja mara nne kwa siku, nikidhani ni dawa mbali mbali. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na kipimo chake kwa mtoto hufuata uzito wake wala si ukali wa homa. Tena hushusha joto tu, haigusi kilicholileta. Hakuna aliyetuuliza nyumbani tuna dawa gani, na mimi mwenyewe, mwalimu ninayefundisha watoto wa watu kusoma, nilikuwa sijasoma.

Tangu usiku ule nilichukua daftari la shule nikalichora safu nne: saa, joto, dawa na hali ya mtoto. Kipimajoto tuliazima kwa jirani mpaka tulipopata chetu, na nilikiweka kwapani hadi kilie, badala ya kutegemea kiganja changu, kwa maana kiganja cha mama aliyekesha huona moto kila mahali. “Saa tatu usiku, 39.4, parasetamoli ya waridi, anataka kubebwa tu.” “Saa kumi alfajiri, 37.6, hakuna dawa, ameomba maji ya dafu.” Niliandika hata yale niliyodhani ni upuuzi, kama vipele vilivyotokea kifuani jioni moja vikatoweka asubuhi. Daftari halikumponya mtoto, lakini lilinituliza, kwa sababu saa sita ya usiku, moyo unapoanza kusema kwamba hali inazidi kuwa mbaya, niliweza kurudi nyuma kurasa mbili nikaona kwamba jana na juzi saa hiyo hiyo ilikuwa hivyo hivyo. Nilijifunza pia kuyaacha mambo ambayo upendo hutusukuma kuyafanya: kumfunika mablanketi mtoto anayewaka, au kumwogesha maji baridi mpaka atetemeke. Alivaa kanga moja nyepesi, akanyonya, akanywa uji wa mchele na madafu kidogo kidogo, na alipokataa chakula sikumlazimisha maadamu alikuwa anakunywa na kukojoa.

Siku ya kumi na sita tulivuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, tukapanda basi, na baada ya safari ya siku nzima tukafika Mombasa kwa daktari wa watoto. Aliuliza maswali kwa karibu saa nzima kabla ya kumgusa mtoto, na daftari lilipotolewa mkobani alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Aliuliza kama kuna mtu nyumbani mwenye kikohozi cha muda mrefu, akifikiria kifua kikuu. Aliuliza kama tunakunywa maziwa yasiyochemshwa. Alitazama midomo, ulimi, viganja na nyayo, kwa kuwa uko ugonjwa uitwao Kawasaki ambao huleta homa ya siku tano au zaidi, macho na midomo ikawa myekundu, na usipotibiwa mapema huweza kuidhuru mishipa ya moyo. Aliuliza vile vipele vilitoka saa ngapi. Kisha aliagiza mkojo upimwe, na akashangaa kusikia kwamba ulikuwa haujapimwa hata mara moja, kwani kwa mtoto mdogo maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuwa na dalili moja tu, nayo ni homa. Alipojua kwamba mtoto ameshapewa antibayotiki za namna mbili alinyamaza kidogo, kisha akatueleza kwamba damu na mkojo wa mtoto aliyekwisha kuanza dawa hizo vikioteshwa huenda visionyeshe kitu hata kama vijidudu vilikuwemo.

Vipimo vyote vilirudi bila kasoro ya kutajika. Akatuketisha akasema maneno haya: “Bado sijui. Lakini yapo magonjwa mabaya ambayo sasa najua si hayo, na tutaendelea kumwangalia.” Mume wangu alitazama chini. Mimi nililia, na machozi yale hayakuwa ya kukata tamaa. Kwa siku kumi na sita nilikuwa nimeambiwa kila kitu isipokuwa ukweli, na ukweli, ingawa haukuwa na jina wala dawa, ulikuwa kitu ninachoweza kukishika. Alituachisha dawa zote isipokuwa ile ya kushusha homa. Siku ya ishirini na nne jioni kipimajoto kilisoma 36.9, siku iliyofuata vile vile, na mpaka leo hatujui ilikuwa ni nini.

Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tulistahili kuwa wa mwisho kuamini kwamba kila homa ni malaria. Mwaka 2004 kisiwa chetu kilipigwa na homa iliyowakunja watu viungo, ikadhaniwa malaria hadi vipimo vilipoonyesha ni chikungunya, jina lililotokana na lugha ya Kimakonde likimaanisha kukunjika, na watafiti waliopima damu za watu mwezi wa Oktoba mwaka huo waliona kwamba karibu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Mbu aenezaye ugonjwa huo, ambaye ndiye aenezaye na dengi, huuma mchana na hutaga katika maji safi yaliyowekwa nyumbani, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Wazee wetu waliweka samaki wadogo katika birika za vyooni ili wale viluwiluwi vya mbu. Leo wengi wetu tumeweka mapipa ya plastiki, na sijaona pipa lenye samaki, wala mengi sijayaona na kifuniko. Upande wa bara nako, watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2005 kwamba zaidi ya robo ya vifo vya watoto waliolazwa katika hospitali waliyoichunguza vilikuwa vya watoto wenye bakteria katika damu. Mtoto wa namna hiyo dawa ya malaria haimfai kitu, na kila siku anayotibiwa malaria asiyokuwa nayo ni siku aliyopotezewa.

Kwa hiyo naomba, kupitia kwako Mhariri, kwamba wanaowahudumia watoto wetu katika zahanati, kliniki na maduka ya dawa wasione haya kuandika katika kitabu cha kliniki cha mtoto maneno “homa, sababu haijajulikana”, pamoja na vipimo vilivyofanywa na dawa zilizotolewa, ili anayempokea kesho asianze upya. Kikombe cha kuchukulia mkojo ni kitu cha bei ndogo. Kisikosekane hata katika zahanati ya mbali. Mwongozo wa kimataifa wa kuwahudumia watoto wagonjwa unasema wazi kwamba mtoto mwenye homa kila siku kwa zaidi ya siku saba apelekwe akachunguzwe zaidi, na naomba siku hizo saba zihesabiwe kwa uzito unaostahili, hasa kwa mtoto wa Kiwayu, Ndau au Kizingitini, ambaye rufaa yake ni bahari kwanza, na wakati wa pepo za kusi bahari hiyo haimngojei mtu.

Kwa wazazi wenzangu nasema: tusinunue sindano kwa kubahatisha. Na mtoto aliye chini ya miezi mitatu, mwili ukipata nyuzi 38, asingojewe hata usiku mmoja. Vile vile mtoto wa umri wowote asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, mwenye shingo ngumu, au aliyelegea mpaka haamki vizuri. Hapo daftari liachwe nyumbani, atafutwe wa kumbeba.

Wiki iliyopita mama mmoja wa mtaa wa pili, ambaye mwanawe alikuwa katika siku ya nne ya homa, alikuja kwangu baada ya Isha na daftari jipya lenye kurasa 48 akaniomba nimchoree zile safu nne. Nilimchorea, nikamwongeza ya tano ya kuandika kila dawa ilitoka kwa nani, na asubuhi nikamsindikiza hadi zahanati tukaomba mkojo upimwe.

Mzazi na mwalimu wa shule ya msingi,
Langoni, Lamu.