Wimbi la boti kubwa: kesho alfajiri

Habari za jioni wanandoano. Jumamosi, kati ya kisiwa cha Saanane na Capri Point hapa Mwanza, boti moja ya kasi ilitupita karibu mno; chambo chote kikaelea na mtumbwi ukaingiza maji ndoo mbili. Nilimtukana nahodha. Hakusikia, na mimi sikupata sato.

Basi kesho tusitie nanga kwenye njia ya vivuko hata kama samaki wanakula hapo. Kivuko hakisimami ghafla wala hakikwepi upesi. Nanga ifungwe mbele ya mtumbwi, kamwe si nyuma: wimbi likija huku nyuma kumevutwa chini, maji yanaingia mara moja. Ukiliona wimbi linakuja, kunja mshipi, geuza mbele ulikabili kwa mshazari kidogo, na kila mtu akae chini. Wengi huzama kwa sababu wanasimama.

Tunaondoka saa 11, bado giza, kwa hiyo taa nyeupe iwake na filimbi iwe shingoni. Maboya yavaliwe, yasikaliwe kama mto. Mzee wa kafi la kuazima, lirudishe tafadhali.