Msafara wa msiba ukifika, madereva wazime taa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na kamati za misiba za huku kwetu Kilimanjaro, pamoja na wazee wa kanisa, kuhusu taa za magari. Mimi ni fundi umeme wa magari, nafanyia kazi Majengo, Moshi. Siku za mazishi simu yangu huanza kuita saa kumi jioni, na anayepiga yuko kihambani kwa watu, yaani kwenye shamba la ukoo tunakozikana, Kibosho, Machame au Old Moshi. "Fundi, gari haiwaki." Huwa simuulizi mengi. Namuuliza tu kama alikuja na msafara.

Watu hudhani betri huisha kwa sababu ya taa zilizosahauliwa usiku. Usiku si rahisi kusahau, maana ukiegesha gizani mwanga unauona ukutani. Taa zinazonipa kazi ni zile zilizowashwa mchana. Mwili unachukuliwa mochwari ya hospitali ya KCMC asubuhi, magari yanawasha taa kubwa na hazadi, zile taa za tahadhari zinazomwekamweka, ili bodaboda wasiukate msafara, tunapanda mlima. Tukifika juu jua ni kali, taa hata ukipita mbele yake huzioni. Dereva kabeba wazee, anawahi kuwashusha, huku mtu anauliza mashada yako gari gani. Anachomoa ufunguo, anafuata jeneza. Hapo bado ibada, wasifu wa marehemu, salamu za kila kikundi alichokuwamo, mazishi yenyewe, kisha chakula. Msiba wa Kichaga hauishi kwa saa moja, Mhariri.

Sasa tupige hesabu. Balbu mbili za mbele ni wati 55 kila moja. Ukijumlisha na zile ndogo za mbele na nyuma unakaribia wati 130, yaani kwenye betri ya volti 12 zinavuta ampea kama 11 muda wote. Betri za magari madogo, hizi IST na Vitz tulizonazo wengi, zikiwa mpya zina uwezo wa ampea-saa 35 hadi 45, yaani kutoa ampea moja kwa muda wa saa 35 hadi 45. Kwa hiyo saa tatu zinatosha kabisa, tena selfu, mota inayowasha injini, hugoma kabla betri haijakauka. Betri iliyochoka haifiki hata nusu ya muda huo.

Magari mengi ya Japani yana buza inayolia ukifungua mlango wa dereva huku taa zinawaka. Ni kitu kizuri, lakini kuna wateja wanaokuja kuniomba niikate waya eti inawapigia kelele. Siku hizi nakataa. Wengine buza ni nzima ila swichi ya mlango imekufa kwa vumbi. Mara nyingi utaijua kwa kuwa hata taa ya ndani haiwaki ukifungua mlango. Na hata ikilia, kwaya ikishaanza kuimba nani ataisikia?

Linaloniudhi zaidi ni linalofuata. Vijana wanaitana kusukuma gari la otomatiki. Hata uwe na mteremko wote wa Kibosho halitawaka, kwa sababu pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini, na injini imezima. Tena breki na usukani vinakuwa vigumu, na mbele kuna watu. Tafuteni waya za kubusti. Nyekundu ianzie chanya ya betri iliyokufa iende chanya ya betri nzima. Nyeusi ianzie hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ibanwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, maana betri hutoa gesi ya haidrojeni na cheche ikiruka hapo inaweza kulipuka. Likishawaka, msidhani safari ya kushuka mjini itaijaza. Ichajiwe usiku kucha, kwani ikikaa tupu siku kadhaa salfeti hugandia kwenye bamba zake za madini ya risasi na haitarudi kama zamani.

Najua natia mchanga kitumbua changu mwenyewe. Lakini kumtoza mfiwa hela ya fundi jioni ile ile aliyomzika mama yake ni kazi nisiyoipenda.

Ombi langu halina gharama. Anayeongoza ratiba hutuambia tuzime simu. Taa hakuna anayezitaja. Kabla ya sala ya kwanza awarudishe madereva wakazime taa na hazadi. Yule kijana anayepanga magari naye aweke kiganja mbele ya kila taa, kwani hata juani kiganja kitamwonyesha kama inawaka. Na kwa kuwa ratiba zenyewe huchapwa, kamati iongeze mstari mmoja chini ya kuwasili kwa mwili: "Madereva kuzima taa."

Fundi umeme wa magari,
Majengo, Moshi