YAH: MALALAMIKO KUHUSU JAHAZI LILILONYANYULIWA KWA MLINGOTI

Pasua, Moshi
9 Septemba 2024

Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Arusha.

Nakala: Msimamizi wa Vifurushi, Stendi ya Moshi.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima pamoja na wafanyakazi wako wote. Mimi ningekuwa mzima zaidi kama nisingeijua ofisi yenu ya vifurushi hapa Moshi. Masharti yenu mnayajua kuliko ninavyoyajua mimi, maana mmeyachapa wenyewe nyuma ya stakabadhi kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu hazisomi bila miwani na jua la saa sita, kwa hiyo sitakuchosha kwa kuyarudia. Nakuandikia kuhusu kilichotokea mezani kwenu, mbele ya macho yangu.

Jumatano tarehe 28 Agosti, saa nne asubuhi, nilisimama upande wa wateja, nyuma yangu watu wasiopungua kumi. Kijana wenu alichana sanduku langu kwa kisu cha kukatia kamba, akaingiza mkono, akalitoa jahazi langu la sanamu kwa kulishika mlingoti. Kwa mlingoti, Ndugu Meneja, kama mtu anayemtoa kuku tengani kwa shingo. Lilining'inia hewani kidogo, nikasikia "ka", wala si sauti kubwa, mlingoti ukabaki mkononi mwake na jahazi likalala mezani kwa ubavu. Roda tatu, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, zilidunda zikaingia chini ya mizani. Yeye akautazama mlingoti, akanitazama mimi, akasema: "Mzee, si vitu vya watoto kuchezea hivi? Gundi ya jero tu hapo." Watu wakacheka. Naomba uelewe kwamba ninakuandikia kwa heshima.

Sanduku hilo halikupaswa kuwa Moshi kabisa siku ile. Nililipeleka kwenu Jumanne tarehe 20 Agosti, alfajiri, liende Tanga, lifike jioni ileile. Nililipa shilingi 15,000 za mzigo na 10,000 nyingine juu yake ili lisiingie kwenye buti bali likae mbele, karibu na kondakta. Makubaliano hayo hayakuwa ya mdomo tu. Dada aliyekuwa zamu alichukua kalamu nene na kuandika mwenyewe pande zote nne: LISILALE, LISIBEBESHWE. Dada yule sina ugomvi naye. Alinipa kiti, akaniuliza nimelitengeneza kwa muda gani, akalisikitikia hata kabla halijapatwa na lolote. Mkimfukuza yeye ili mpate wa kumtwika lawama, nitaandika barua nyingine.

Tanga halikufika. Limelala Dar es Salaam, likapandishwa Arusha, ndipo likashushwa Moshi, siku nane baada ya kuondoka Moshi. Limezunguka nusu ya nchi kutoka Pasua hadi stendi, mwendo ambao mimi nautembea kwa miguu. Na lilipofika, juu yake palikuwa na alama ya maji ya nyanya, tena palepale penye neno LISIBEBESHWE.

Sasa nieleze ni kitu gani, maana daftari lenu limeandika "mdoli wa boti" na mimi nikaambiwa niweke sahihi hapo. Sikuweka.

Ni jahazi. Limepunguzwa mara 20, kwa hiyo jahazi la mita 12 limekuwa la sentimita 60. La kweli lipo Pangani, ukingoni mwa mto, linaoza. Lilikuwa la baba yangu mkubwa, aliyelipeleka Unguja na kulirudisha mara zisizo na hesabu kabla miguu haijamgomea. Mafundi wetu wa pwani hawachori ramani, jahazi hutoka kichwani mwao na mikononi mwao, basi ilinibidi nilipime lile bovu kwa kamba yenye mafundo, ubao kwa ubao, siku tatu, matope mpaka magotini. Halafu nikarudi huku mlimani nikaanza. Miezi 14.

Mkuku, yaani uti wa chini wa jahazi, ni mti mmoja, haukuungwa. Mbao za ubavuni ni mabaki ya mninga niliyookota kwa mafundi samani, nikayapiga randa hadi milimita 3, nikayapinda kwa mvuke wa birika. Mke wangu alihesabu mitungi miwili ya gesi iliyoishia kwenye birika hilo na hajanisamehe. Misumari ni waya wa shaba kutoka mota zilizoungua, nilizonunua kwa kilo kwa mafundi wa Mbuyuni. Nilikata, nikachonga ncha, nikapiga mmojammoja. Katikati ya mbao nilitia kalafati ya kweli, uzi wa pamba uliolowekwa mafuta. Tanga la jahazi ni kitambaa cha marekani, nacho hakikukatwa kipande kimoja kama leso. Kimeshonwa vipande vyembamba vilivyoungwa ubavu kwa ubavu kama tanga lenyewe linavyoshonwa. Kamba nilisokota mwenyewe, nyuzi tatu tatu, nikazipaka nta.

Na roda. Hapa naomba usome taratibu. Roda zilikuwa 14, zote za mpingo, kila moja milimita 6, na ndani ya kila moja kuna gurudumu linalozunguka. Tundu la ekseli ni milimita 1. Ncha ya keekee ndogo kiasi hicho sikuipata dukani Moshi wala Arusha, nilipewa na fundi saa mmoja aliyenihurumia. Mpingo hauna subira na mtu mwenye haraka. Ukikaza kidogo unapasuka, ukilegeza ncha inateleza inakutoboa kidole. Nilipasua roda nyingi kuliko nilizofunga. Moja iliyokubali ilinigharimu jioni mbili. Ndizo hizo zilizoingia chini ya mizani yenu. Nilizitafuta kwa magoti, kichwa changu kwenye uvungu wa meza yenu, na hakuna aliyeinama kunisaidia ila abiria mmoja aliyekuwa anasubiri gari la Same. Nilipata mbili.

Utaniuliza kwa nini roda ya sanamu izunguke. Ni kwa sababu baba mkubwa ana miaka 84 na macho yake yamekwenda. Jahazi hili angeliona kwa vidole. Angelipapasa kuanzia hanamu, ncha yake ya mbele, hadi usukani, angeivuta henza, kamba ya kupandishia tanga, na kama foromali, ule mti unaobeba tanga, isingepanda angenitukana, maana kwake jahazi lisilopandisha tanga ni sahani. Kwa hiyo kila kitu kilifanya kazi. Henza ilipandisha, kana, yaani mpini, iliugeuza usukani, nanga ya makucha manne ilishuka na kupanda. Hiyo ndiyo gundi ya jero.

Turudi mezani, maana bado sijamaliza na meza ile.

Kabla kijana hajatia mkono nilimwambia, "Subiri kijana wangu, hilo nilitoe mwenyewe, lina pa kushika." Hakusikia. Nikarudia kwa sauti, "Usilishike juu, lipokee chini." Akanijibu bila kunitazama, "Tulia mzee, sisi mizigo tunaijua." Ndipo akalinyanyua kwa mlingoti. Hakuuvunja tu. Alipoona umebaki mkononi alilishika jahazi lenyewe akalitikisa, akalitikisa, kama mtu anayeangalia kama kibiriti kina njiti, ili aone kama kuna kingine kilicholegea. Foromali ikakatika wakati huo, kwa kule kutikiswa, baada ya mlingoti. Tanga likachanika mahali pa urefu wa kidole. Ukiniuliza kipi kiliniuma zaidi, mlingoti au "tulia mzee", sijapata jibu mpaka leo. Nina wajukuu wa rika lake. Mimi kwao Pangani, na hapa uchagani nimeishi miaka 31, sijawahi kumsikia mtoto wa upande wowote akimsemesha mtu mzima hivyo mbele ya kadamnasi na wakubwa wake wakicheka.

Ndiyo, wakubwa wake. Msimamizi alitoka chumba cha nyuma na kikombe cha chai. Nilifikiri nimepata mtu. Akavishika vipande, akavilinganisha, akatamka hukumu: mlingoti ulikuwa mbovu tangu mwanzo, "si unaona ulivyoinamia mbele?" Ndugu Meneja, mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Ndivyo unavyosimamishwa, Pangani, Unguja, Lamu, kokote, ili foromali ipate nafasi ya kuning'inia na tanga lipishwe upande mwingine. Nenda forodha yoyote ya pwani yetu uangalie. Nilitumia wiki nzima kuupata mwinamo huo sawasawa, nikafanywa mwongo kwa sababu yake. Nilimweleza. Akasema, "Sisi huku hatuna bahari, mzee." Hapo alisema kweli. Lakini bahari hamna, na adabu je?

Kisha akafungua droo, akahesabu shilingi 20,000, akaziweka juu ya tanga. Juu ya tanga lenyewe. Akaniambia nisaini kwamba nimeridhika. Nauli ya mzigo peke yake nililipa 25,000.

Nilisahau kusema, na ilipaswa kuja mwanzo, kwamba tarehe 21 mjukuu wa baba mkubwa alitoka Pangani hadi Tanga mjini kulipokea, kilomita 50 hivi, akaambiwa aje kesho. Akaja kesho. Akaambiwa gari limeharibika Korogwe. Siku ya tatu namba ya simu iliyo kwenye stakabadhi ikawa haipokelewi tena. Mimi niliipiga asubuhi na jioni, na siku moja ikapokelewa na mtu aliyesema ananiunganisha, nikasikiliza muziki mpaka salio likakatika. Wakati huo wote mzee amekaa barazani anauliza, "Limeshuka?" Bado anauliza. Nimewaambia wa nyumbani wasimwambie.

Ninachodai awali kilikuwa kidogo. Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba shilingi 25,000 zangu za nauli na 400,000 za matengenezo, basi. Lakini nimeisoma tena mpaka hapa na naona nilikuwa nawapunguzia. Kwa hiyo:

Nataka nauli yote irudi. Nataka shilingi 650,000, ambazo nikizigawa kwa jioni nilizokaa kibarazani na taa ya mkono hazifikii malipo ya kibarua wa kubeba matofali. Nataka roda ya tatu itafutwe chini ya mizani na kabati lililo jirani nayo. Ni nyeusi, ndogo kama punje ya mtama mnene, na fagio la asubuhi huenda limeshaipeleka jalalani, lakini itafutwe. Na nataka barua ya kuomba radhi, isiandikwe kwangu, iandikwe kwa baba mkubwa, kwa Kiswahili cha kueleweka, ili mjukuu wake amsomee. Ndani yake paandikwe kwamba mlingoti ulikuwa sawa.

Mnazo siku 14 tangu barua hii ipokelewe. Nitaileta kwa mkono na nakala yangu itagongwa muhuri, kwa hiyo haitapotelea Dar es Salaam.

Zikipita bila jibu nitakwenda LATRA, ambao ndio wanaowapa mabasi yenu ruhusa ya kutembea, na kwa TCRA, kwa kuwa leseni za kusafirisha vifurushi hutoka kwao, na ningependa kuiona yenu imebandikwa wapi pale ofisini, maana ukutani niliona kalenda tu. Wakinizungusha nitafungua madai Mahakama ya Mwanzo. Jahazi nitaliweka juu ya meza ya hakimu kama lilivyo, na kijana wenu aonyeshe alivyolishika. Yule abiria wa Same alirekodi kwa simu tangu sanduku lilipochanwa, na picha ameshanitumia. Sijaisambaza. Nina kundi la WhatsApp la watu wa Tanga tunaoishi Kilimanjaro na Arusha, tupo zaidi ya 200, na wengi wetu husafiri na kutuma mizigo kwa mabasi yenu kila Idi na kila msiba. Sisemi nitaipeleka huko. Nasema ninayo.

Sanduku liko chini ya meza yangu. Sijagusa kitu. Mlingoti uko pembeni na kipande kilichobaki shimoni sijakitoa, ili mtu wenu akija aone mvunjiko ni mpya, mti mweupe ndani. Aje mtu mzima.

Wenu,

Mwenye jahazi
(jina na namba ya stakabadhi mnazo)

N.B. Zile 20,000 sikuzichukua. Nilizitoa juu ya tanga, nikaziweka kwenye mizani yenu. Kama kwenye daftari zimeandikwa kwamba nimelipwa, basi kuna mtu mwingine wa kumuuliza, na hilo nalo nitalitaja nikifika LATRA. Na nauli za yule mjukuu, safari mbili kwenda na kurudi, ziongezwe kwenye 650,000. Nilizisahau.