Dhahabu ya Misri na mabati ya Mama

Doha, Qatar, Ijumaa usiku

Dada Wakesho,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila jua limeanza ukali wake. Barua hii msomee Mama, lakini ukifika pale pa Mwakio utaamua mwenyewe kama utasoma kwa sauti au utaruka.

Huyu ndugu yetu Mwakio ananiandikia tangu juzi. Anataka pesa za mabati. Mabati yale yale, dada, ya nyumba ile ile. Nilipomuuliza zile za kwanza ziko wapi, akanijibu kwa upole wake ule unaoujua: "Sista, mimi niliziingiza kwa ujenzi, sijui hata ziliishaje, nikaona tu pikipiki imepatikana." Imepatikana! Utadhani ilijiwasha yenyewe huko Voi, ikapanda mlima, ikaja kujiegesha chini ya mparachichi wa Baba.

Nilikasirika, halafu nikacheka peke yangu hadi Mganda ninayelala naye chumba kimoja akaamka. Maana ujumbe huo ulinikuta na Biblia mkononi, nimefungua Kutoka 32. Hebu isome. Musa anashuka mlimani, anakuta watu wanacheza mbele ya ndama wa dhahabu, anamuuliza Haruni kaka yake imekuwaje. Haruni anasema walinipa dhahabu, nikaitupa motoni, akatoka ndama huyu. Akatoka! Na ukirudi nyuma mpaka mstari wa nne unakuta imeandikwa wazi kwamba Haruni mwenyewe alimchonga kwa patasi. Dada, huyo si Mwakio kabisa?

Usishangae kuona nimezama huko. Mwezi huu wote mimi ndiye ninayefundisha kitabu cha Kutoka katika ushirika wetu wa Waswahili. Ndiyo, mimi Mghoi, niliyekuwa nikitumwa kushika watoto nje wakati wa mahubiri. Huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, basi na ibada yetu kubwa ni Ijumaa. Makanisa yamewekwa eneo moja, Mesaimeer, kila dhehebu na jengo lake, nje hakuna msalaba hata mmoja na getini mnakaguliwa. Ukishaingia utasikia Kimalayalam chumba hiki, Kitagalog kile, na sisi mwisho kabisa wa ukumbi tunapiga vigelegele. Mchungaji aliniambia sikujua wewe ni mwalimu. Nikamwambia mimi ni askari wa lango, kusimama mbele ya watu ni kazi yangu. Na si askari tu siku hizi, mwambie Mama nimefanywa supavaiza wa zamu. Nina redio ya mkononi na ninaandika zamu za watu wengine, wakiwemo wanaume wawili wa Kisii wanaoniita Madam.

Mnakumbuka maombi ya kuniaga? Mchungaji wetu alisema natolewa Misri napelekwa Kanaani, na nyote mkasema Amina hadi kuku wakatawanyika. Nimeisoma Kutoka mbele na nyuma, na mpaka leo sijajua Misri yangu ni ipi. Huko nyumbani sikuwa mtumwa wa mtu. Na huku nako, Kanaani gani ambayo mwajiri anakushikia pasipoti? Habari za yule mwajiri wa kwanza unazijua, sitaki Mama azisikie upya. Nitakuambia tu jinsi nilivyotoka kwake, kwa kuwa hapo ndipo Mungu aliponifundisha kusoma.

Hapa kwetu kila mtu anaupenda Kutoka 14:14, "Bwana atawapigania ninyi, nanyi mtanyamaza kimya." Umebandikwa kwenye milango, kwenye simu, kwenye vikombe. Tuliukariri sana wakati ule, tukimwomba Mungu alainishe mioyo ya mabosi watuache tuhame. Kumbe sheria ilikuwa imeshabadilika. Tangu 2020 mfanyakazi anaweza kuhamia kazi nyingine bila barua ya ruhusa ya mwajiri wake, akitoa tu notisi. Tulikuwa tunamlilia Mungu afungue mlango ambao haukuwa umefungwa tena. Siku moja nikajikuta nimeusoma mstari unaofuata, wa kumi na tano, ambao hakuna anayeubandika kikombeni: "Mbona unanililia mimi? Waambie wana wa Israeli waendelee mbele." Bahari ipo palepale mbele yao, haijagawanyika bado, na amri ni waendelee. Kesho yake nikaomba mwenye kujua kompyuta anionyeshe maombi ya kuhama yanavyojazwa. Mengine ni historia, na riyali 1,000 ambazo sheria iliziweka kuwa mshahara wa chini kabisa tangu 2021 mimi nimezipita. Nimezipita kwa kiasi gani sitaandika, maana Mwakio ana masikio.

Wapo humu ndani wanaodhani kuvushwa ndio mwisho wa habari. Lakini angalia hesabu ya kitabu chenyewe: kuvuka bahari ni usiku mmoja, upepo wa mashariki unavuma, asubuhi wako ng'ambo. Jangwa ni miaka 40. Na manung'uniko yao jangwani ni ya chakula! Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, kinawataja samaki, matango, matikiti, vitunguu saumu. Zamani nilikuwa nawaona wajinga watu wale, kukumbuka matango ya mahali ulipokuwa unapigwa. Sasa siwacheki. Jana kantini walitupa wali wa njano kama kawaida, na nikatamani kimanga cha Mama mpaka nikaisukuma sahani. Kile cha muhogo na maharagwe, kilichopondwa na mwiko ule uliopasuka, ukungu wa mlima Vuria umeshuka hadi mlangoni na moshi unakataa kutoka. Huku ukungu ukiwepo ni vumbi.

Kuna jambo jingine niliwaonyesha darasani na watu wazima wakafuta macho. Kutoka 13:19. Watu wanatoka Misri mbiombio, unga haujachachuka, kila mmoja na mzigo wake, na Musa amebeba mifupa ya Yusufu. Yusufu alikuwa mtu wa ughaibuni kama sisi, tena aliyefaulu kuliko sisi: pete ya Farao, gari, mke wa huko huko, na ndugu zake waliomuuza ndio aliowalisha. Pamoja na yote hayo aliwaapisha kwamba wakitoka wasiiache mifupa yake. Hapa mwenzetu akifariki tunapitisha daftari la mchango usiku huo huo ili asafirishwe kwao, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa kabila gani. Mama asishtuke, mimi ni mzima. Ila ikitokea, dada, mweka hazina awe mtu yeyote isipokuwa Mwakio.

Sasa turudi kwa hiyo pesa.

Walipotoka Misri waliwaomba Wamisri vyombo vya fedha na vya dhahabu, wakapewa. Mimi naona ulikuwa ujira wao uliocheleweshwa, na wenzangu wa ushirika waliitikia sana nilipolisema hilo, unaweza kukisia ni kwa nini. Dhahabu hiyo hiyo ndiyo iliyotoka masikioni mwao ikawa ndama. Na iliyobaki ndiyo waliyokuja kuitoa kwa hema ya kukutania, sura ya 35, pete na vikuku, wanaume kwa wanawake. Wakatoa mpaka mafundi wakaenda kwa Musa kusema vimezidi, ikapigwa mbiu kambini watu waache kuleta. Mimi tangu nizaliwe sijasikia kanisani kwetu tangazo la kwamba sadaka imetosha. Mwulize Mzee wa Kanisa kama yeye amewahi.

Kwa hiyo sina ugomvi na pesa kutoka huku kuja huko. Naitoa kwa moyo, kama wale. Ninachokataa ni pesa ya kusimama langoni kwenye joto hili kuwa ndama chini ya mparachichi, halafu niambiwe imetokea. Musa alimsaga ndama akawanywesha watu ungaunga wake kwenye maji. Pikipiki siwezi kuisaga, ina mkopo.

Lakini sikiliza nilichokipata sura ya 38, mahali ambapo wasomaji wengi wanaruka kwa sababu ni orodha tupu. Baada ya kazi ya hema, imeandikwa hesabu ya vitu vyote kwa vipimo vyao vya uzito. Dhahabu, talanta 29 na shekeli 730. Fedha, talanta 100 na shekeli 1,775. Shaba nayo, talanta 70 na shekeli 2,400. Hadi shekeli ya mwisho, dada! Na aliyesimamia hesabu hiyo ni Ithamari, mwana wa Haruni. Haruni yule yule wa "akatoka ndama". Hawakuifukuza nyumba yake. Walimpa mtoto wake daftari.

Basi nimeamua hivi. Pesa nitazituma kwenye simu yako wewe, mwisho wa mwezi. Daftari ashike Mkamburi. Yeye ni binti wa Mwakio na hesabu anaziweza kuliko sisi sote. Aandike kila kitu, mabati, misumari, mbao, chakula cha fundi, na kila jioni anipigie picha ya ukurasa na ya risiti. Nitamlipa kidogo chake, na karo ya muhula ujao niachieni mimi. Mwakio asinyimwe kazi: pikipiki ipo, ibebe fundi na misumari kutoka Mwatate, na asinidai nauli. Akinuna, mfungulie sura hizo mbili asome mwenyewe. Akiuliza kama namtukana, mwambie Haruni alibaki kuwa kuhani.

Mabati yawe geji 28, si yale mepesi yanayopiga kelele mvua ikinyesha mpaka Mama anashindwa kusikia redio. Fundi awe yule wa Werugha, si shemeji wa Mwakio. Na Mama aniambie anataka rangi gani. Najua atasema yoyote tu. Usikubali jibu hilo, mpeleke dukani akachague kwa macho yake.

Mdogo wako,
Mghoi