Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka 2024 na Jedwali Letu la Majira

Ndugu wanachama,

Kwa kawaida taarifa hii huanza na shukrani, kisha mahudhurio, kisha fedha za chama. Mwaka huu hayo yatasubiri. Tangu Novemba mmekuwa mkinipigia simu kuuliza swali moja, nami nawiwa kulijibu mbele ya wote: je, jedwali la majira, yaani kalenda yetu ya miezi ambayo soko la hisa kwa wastani huwa zuri au baya, lilitupoteza?

Ndiyo, kwa mwaka 2024 lilitupoteza, na waliolifuata neno kwa neno ndio walioumia zaidi.

Kwa wanachama wapya, nieleze tulichofanya. Sote hapa ni wafanyakazi wa serikali ya shirikisho ya Marekani, au tulikuwa, na akiba yetu ya uzeeni imo katika mpango wa TSP. Mwanzoni mwa Mei kamati iliwashauri wanachama wahamishe sehemu kubwa ya salio lao kutoka Mfuko wa C, unaofuata kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani kiitwacho fahirisi ya S&P 500, kwenda Mfuko wa G, unaokaa katika hati maalumu za Hazina ya Marekani na ambao thamani yake haishuki. Novemba tukawaambia warudi. Katika miezi hiyo sita fahirisi ilitoka pointi 5,035 mwisho wa Aprili ikafika 5,705 mwisho wa Oktoba. Hilo ni ongezeko la asilimia 13.3, bila kuhesabu gawio. Mfuko wa G ulitoa asilimia 4.40 kwa mwaka mzima, kwa hiyo kwa nusu mwaka ni asilimia 2 na kidogo. Mwenye dola 100,000 aliyezihamisha zote alikosa karibu dola 11,000. Hakuibiwa wala hakupata hasara kwenye karatasi, lakini fedha hizo angekuwa nazo leo, na wako wanachama wetu ambao wamebakiza miaka miwili tu wastaafu.

Ushauri ule ulitoka kwenye kamati ninayoiongoza. Naipokea lawama yake, na sitaki Katibu wala Mweka Hazina waibebe.

Jinsi tulivyofika pale

Tuliliamini jedwali kwa sababu lilikuwa limetufaa miaka miwili mfululizo. Mwaka 2022, kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba, S&P 500 ilishuka asilimia 6.3, aliyekuwa Mfuko wa G alilala usingizi. Mwaka 2023 katika kipindi hicho hicho ilipanda asilimia 0.6 tu, wakati G ikiendelea kulipa riba yake bila wasiwasi. Kisha Novemba 2023 soko likaruka karibu asilimia 9, na waliorudi kwa wakati wakaikuta karamu mezani. Mnakumbuka furaha ya kikao kile. Wapo waliosema hatuhitaji tena kujadili, tufuate kalenda tu.

Tungerudi nyuma hatua mbili tungeona picha nyingine. Mei hadi Oktoba 2020, mwaka wa korona, fahirisi ilipanda asilimia 12.3. Mwaka 2021 ilipanda asilimia 10.1. Maana yake katika miaka mitano, 2020 hadi 2024, aliyekaa nje ya hisa majira hayo alikosa ongezeko kubwa mara tatu, aliokoka mara moja, na mara moja ikawa karibu sare. Takwimu hizo zilikuwa wazi kwa yeyote, nasi hatukuziweka mezani. Tuliweka wastani wa miaka mingi, na wastani ukatuficha miaka yenyewe.

Jedwali linasema nini hasa

Sitaki mtu aondoke akidhani tulikuwa tunapiga ramli. Habari ya majira katika soko la hisa imechunguzwa na wasomi. Mwaka 1942 Wachtel aliandika kuhusu Januari kuwa na nguvu ya pekee. Mwaka 1976 Rozeff na Kinney wakachunguza hisa za soko la New York kuanzia 1904 hadi 1974, wakakuta Januari ilitoa wastani wa kama asilimia 3.5, huku miezi mingine ikitoa wastani wa kama nusu asilimia. Mwaka 2002 Bouman na Jacobsen wakaulinganisha ule usemi wa zamani wa wafanyabiashara wa London, kwamba uza Mei uende zako, na takwimu za nchi 37. Katika nchi 36 miezi ya Novemba hadi Aprili ilikuwa bora kuliko Mei hadi Oktoba. Nayo Septemba, tangu miaka ya 1920, ndiyo mwezi wenye wastani mbaya kuliko yote kwa hisa kubwa za Marekani.

Hayo ni kweli. Jambo linalonikosesha usingizi ni ukubwa wake. Wastani wa Septemba ni hasara ya takriban asilimia 1. Mwezi wowote wa kawaida, bila sababu yoyote maalumu, hupanda au kushuka kwa asilimia 3, 4, hata 5. Tunajaribu kusikia mnong'ono mahali penye kelele. Tazameni: Septemba 2020, 2021, 2022 na 2023 zote zilishuka, mwaka 2022 kwa zaidi ya asilimia 9. Miaka minne mfululizo! Nani asingeamini? Kisha Septemba 2024 ikapanda asilimia 2, baada ya Benki Kuu ya Marekani kupunguza riba kwa nusu asilimia tarehe 18. Aprili, ambayo jedwali linaipa nyota, ilishuka asilimia 4.2. Desemba, kipenzi cha kila mtu, ilishuka asilimia 2.5.

Upo pia ukweli kwamba wastani hubebwa na miezi michache mibaya sana. Oktoba 1987 S&P 500 ilipoteza zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja, tarehe 19. Agosti 1998 ilipoteza asilimia 14.6 kwa mwezi. Mwaka 2004 Maberly na Pierce walionyesha kwamba ukiishughulikia miezi hiyo miwili peke yake, ushahidi wa udhaifu wa Mei hadi Oktoba kwa soko la Marekani unadhoofika kabisa. Miezi miwili katika miongo kadhaa! Mimi nilisoma hoja hiyo zamani nikaipuuza, kwa kuwa nilipenda jibu la upande wa pili.

Mwanachama mmoja mzee aliniuliza swali ambalo limebaki nami mwaka mzima. Alisema, mwanangu, baharia anangoja kaskazi kwa kuwa anajua kinachoileta: jua linahama, nchi kavu inapata joto, upepo unageuka. Je, huo upepo wenu wa soko unaletwa na nini? Nilimpa majibu tunayoyajua. Desemba watu huuza hisa zilizowatia hasara ili wapunguziwe kodi, hasa hisa za kampuni ndogo, halafu Januari hununua tena. Mwanzo wa mwaka bonasi na michango ya pensheni huingia. Likizo za kiangazi huwatoa wafanyabiashara mezani. La kodi lina nguvu, mengine ni dhana. Lakini hata la kodi lina ugonjwa wake, kwani baada ya habari ya Januari kuenea, watu walianza kununua Desemba, na faida ile ikapungua. Upepo haujali manahodha wangapi wanaungoja. Bei ya hisa inajali.

Mjadala kuhusu kama mwaka wa uchaguzi wa urais una majira yake katika soko ulituchukulia vikao viwili, na naona ulitupotezea muda. Tangu 1928 hadi 2024 Marekani imekuwa na chaguzi za urais 25 tu. Kwa idadi hiyo huwezi kujenga kanuni ya kuhamisha akiba ya mtu.

Tarehe 5 Agosti

Naieleza siku hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyotufunza zaidi. Asubuhi ile tuliamka na habari kwamba fahirisi ya Nikkei ya Japani imeanguka asilimia 12.4. Simu zilianza kabla ya saa moja. Wanachama ambao hawakufuata ushauri wa Mei, wakabaki Mfuko wa C, sasa walitaka kutoka. Kadhaa waliwasilisha maombi ya kuhamisha fedha asubuhi hiyo hiyo.

TSP ina utaratibu ambao kila mmoja wetu anapaswa kuujua kama jina lake. Ombi linaloingia kabla ya saa sita mchana, saa za Mashariki, hutekelezwa kwa bei ya kufunga soko siku hiyo. Kwa hiyo aliyetuma ombi saa nne asubuhi akidhani anakimbia anguko, aliuza jioni baada ya anguko kumalizika; S&P 500 ilifunga chini kwa asilimia 3. Kutoka kufunga kwa siku ile hadi mwisho wa Agosti, fahirisi ilipanda karibu asilimia 9, na mwezi wenyewe ukaisha ukiwa juu. Waliotoka walikuwa na jedwali kichwani linalosema Agosti na Septemba ni miezi mibaya, kwa hiyo hawakurudi. Jedwali halikuwaamuru watoke tarehe 5, lakini liliwapa sababu ya kuendelea kukaa nje, na hilo ndilo lililogharimu.

Kumbukeni pia kwamba tangu 2008 tunaruhusiwa kuhamisha fedha kati ya mifuko mara mbili tu kwa mwezi kalenda. Baada ya hapo mlango uliobaki ni wa kuingia Mfuko wa G peke yake. Mwanachama mmoja alitumia nafasi zake zote mbili katika wiki ya kwanza ya Agosti, akabaki kuutazama mwezi uliosalia kutoka dirishani. Alilieleza jambo hilo mwenyewe kikaoni, mbele ya wote, na namshukuru kwa ujasiri wake.

Majira yenye uhakika

Wakati tunabishana kuhusu Septemba, kuna kalenda ambayo haikosei na ambayo baadhi yetu tumeipa kisogo. Chini ya FERS, mfumo wa kustaafu wa wafanyakazi wa serikali ya shirikisho, mwajiri huweka asilimia 1 ya mshahara moja kwa moja, na huongezea hadi asilimia 4 nyingine kulingana na unachochangia, lakini nyongeza hiyo hutolewa kila kipindi cha malipo. Kwa mwaka 2025 kikomo cha mchango wa mfanyakazi kiliwekwa dola 23,500. Aliyeharakisha akakifikia Septemba, michango yake husimama, na nyongeza ya mwajiri husimama pamoja nayo hadi mwisho wa mwaka. Kwa mwenye vipindi 26 vya malipo, kwa kikomo hicho dola 903 kila kipindi zilimfikisha Desemba bila kupoteza hata senti ya nyongeza. Wanachama wawili walipoteza fedha hizo mwaka 2024 kwa sababu walitaka kuwahi "miezi mizuri" ya mwanzo wa mwaka. Hilo linaniuma kuliko hasara ya Mei, maana Mei tulikuwa tunakisia, na hili lilikuwa limeandikwa.

Mambo ya chama

Tulikutana kila mwezi isipokuwa Julai. Hesabu za chama zimekaguliwa na Mweka Hazina atazisoma. Katibu ameandika kumbukumbu za vikao vyote, na kama si daftari lake nisingeweza kuandika taarifa hii kwa usahihi. Tulimpoteza mwanachama mmoja mwezi Oktoba; familia yake imeomba jina lisitajwe hapa, nasi tunawaombea subira.

Pendekezo la kamati

Wapo wanaotaka jedwali lichomwe moto. Wapo wanaosema mwaka mmoja mbaya si hoja, na kwamba mwaka 2008, Mei hadi Oktoba, aliyekuwa nje aliepuka anguko la asilimia 30. Wote nimewasikiliza. Kamati inapendekeza jedwali libaki, lakini lisiguse zaidi ya sehemu moja ya kumi ya salio la mwanachama. Sehemu tisa zilizobaki zigawanywe kulingana na umri wake, miaka iliyobaki kabla ya kustaafu na kiasi cha mshuko anachoweza kuvumilia bila kutoa fedha. Asiyetaka kufanya hesabu hiyo mwenyewe anayo mifuko ya L, ambayo tangu 2005 hupunguza hisa kidogo kidogo kadiri mwaka wa kustaafu unavyokaribia. Kwa mwanachama aliyebakiza chini ya miaka mitano, naomba hata ile sehemu ya kumi asiihamishe kabla ya kuzungumza na mtu wa nyumbani kwake.

Pili, kila jedwali litakalotolewa litakuwa na safu mpya, inayoonyesha miaka ambayo mwezi huo ulikwenda kinyume na wastani wake, na kwa asilimia ngapi. Nimeiandaa ya Machi mwenyewe. Machi 2020, mwezi unaohesabiwa miongoni mwa ile sita mizuri, ilishuka asilimia 12.5.

Pendekezo litapigiwa kura katika mkutano mkuu. Kipindi changu kinakwisha siku hiyo. Nitagombea tena ikiwa tu pendekezo litapita, kwa kuwa siwezi kusimamia tena utaratibu wa mwaka jana. Wasioweza kufika wamkabidhi Katibu kura zao siku tatu kabla, zikiwa zimetiwa saini.

Mwenyekiti