Mmeisahau Yamaha XS Eleven

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache juu ya makala yenu kuhusu pikipiki kubwa za Kijapani za miaka ya sabini. Mmeisifu Kawasaki Z1, na inastahili. Mmeisifu Honda CBX kwa silinda zake sita, nayo inastahili. Lakini nimesoma hadi mstari wa mwisho nikiitafuta Yamaha XS Eleven, na sikukuta hata jina lake. Imeniuma, maana ndiyo ninayoipanda, na si mara ya kwanza kuona ikirukwa namna hiyo.

XS Eleven ilitoka 1978 ikiwa na silinda nne, cc 1101 na nguvu farasi 95. Ilipoingia sokoni, hakuna pikipiki ya Kijapani ya madukani iliyokuwa na injini kubwa kuliko hiyo. Na nguvu zote hizo zinafika kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti, si kwa cheni.

Kwenye shafti ndipo moyo wangu ulipo. Marehemu baba alikuwa bwana shamba Muheza, na pikipiki yake ya kazi ilikuwa ya cheni. Kila Jumamosi nilikuwa naiosha cheni ile kwa mafuta ya taa, naifuta, naipaka oili, na Jumatatu jioni inarudi imejaa vumbi jekundu kana kwamba haijaguswa. Ikilegea njiani, mzee anashuka na spana zake anakaza palepale, iwe jua iwe mvua. Leo mimi ni fundi kwenye karakana ya mabasi hapa Columbus, Ohio. XS Eleven yangu ni ya 1979, na kwenye gurudumu la nyuma kazi yangu kubwa ni kukagua oili ya difu, yaani boksi la gia linalopokea shafti. Kila ninapofungua kile kifuniko namkumbuka baba.

Lawama za XS Eleven nazijua. Ni nzito, ukiijaza mafuta inapita kilo 270. Ukivuta mafuta, shafti inainyanyua nyuma. Ukiachia ghafla katikati ya kona, nyuma inashuka na chombo kizima kinayumba. Waandishi wa wakati ule waliyasema hayo, na ni kweli. Ila pikipiki hii haikuundwa iwe bingwa wa kona. Iweke barabara ndefu, gia ya tano, mwendo wa kawaida, kisha vuta mafuta kidogo tu. Inakuvuta bila kukudai ushushe gia, na haichoki. Kona nazo zina adabu yake: punguza kabla hujaingia, halafu shika mafuta yaleyale mpaka utoke.

Kila Julai wapenzi wa pikipiki za zamani hukutana kwenye uwanja wa mashindano wa Mid-Ohio, kule Lexington, mwendo wa kama saa moja kutoka kwangu. Huko ndiko nilikoiona XS Eleven iliyoundwa upya na dada mmoja ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma. Alikuwa ameikata fremu nyuma ya siti akatengeneza mkia wa alumini kwa mikono yake. Mbele alifunga shokapu za pikipiki ya kisasa. Egzosi zote nne alizikutanisha kuwa moja, na nilipopiga magoti kutazama maungio yake nilikuta yamelala sawasawa kama ukili uliosukwa na mtu mwenye subira. Tangi aliliacha lilelile la kiwandani. Shafti hakuigusa, isipokuwa aliing'arisha difu mpaka ukajiona.

Jambo moja nilimwambia waziwazi. Alikuwa ameondoa boksi la hewa na kuweka vichujio vidogo vinne, na kabureta zile za kampuni ya Mikuni hazipendi hivyo, kwa kuwa pistoni zilizo ndani ya kabureta hunyanyuliwa na mvuto wa hewa. Ukiuvuruga, injini inasita mwendo wa katikati. Akaniambia amemaliza majira yote ya baridi akibadilisha jeti, vile vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta, moja baada ya nyingine. Akaiwasha. Akavuta mafuta polepole, kisha kwa nguvu, na haikusita hata mara moja. Nilimpa mkono.

Wapo wanaoing'oa shafti na kufunga cheni ili wapate nafasi ya tairi pana. Ni kazi ngumu na wanaoifanya ni mafundi kweli, lakini mimi naona wanatoa kile hasa kilichoifanya iwe XS Eleven.

Ndugu Mhariri, mkirudia orodha ile, naomba iwekeni. Picha ya pikipiki ya yule dada ninayo, nimeipiga upande wa shafti, na ameniruhusu niwatumie.

Mzaliwa wa Muheza,
Columbus, Ohio